Nadharia na Matumizi Yake katika Utafiti wa Informatiki ya Biashara: Tatizo la Kupima kwa Kiswahili

0. Utangulizi

Katika vyuo vikuu na taasisi za juu za Kongo, informatiki ya biashara ni somo linalovuta wanafunzi wengi. Kwa Kifaransa jina la somo hilo hutaja uendeshaji wa shughuli. Kwa Kijerumani hutaja uchumi. Majina hutofautiana, lakini jambo linalochunguzwa ni moja: namna watu, kazi zao na mashine za kutunzia habari zinavyokutana ndani ya shirika, duka, benki au soko.

Kazi nyingi za kumaliza masomo katika somo hili hufuata njia inayofanana. Mwanafunzi huchagua ofisi fulani, hueleza jinsi inavyoendesha shughuli zake, huchora mfumo mpya kwa kufuata mbinu ya Merise au ya UML, kisha huandika programu. Mwanzoni mwa kazi huwekwa sura iitwayo "nadharia", ambamo fasili za maneno hupangwa moja baada ya nyingine. Sura hiyo ikishapita, haitajwi tena hadi ukurasa wa mwisho. Nadharia inakuwa kama nguo ya sikukuu: huvaliwa siku ya kutetea kazi mbele ya walimu, kisha hurudishwa sandukuni.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, kueleza nadharia ni kitu gani katika taaluma hii na zinazotumika zaidi zilitoka wapi. Pili, kuonyesha namna ya kuitumia nadharia ili ifanye kazi kweli ndani ya utafiti. Tatu, kuonyesha kwamba nadharia inapopelekwa kwa watu wanaosema Kiswahili, suala la lugha si pambo la pembeni, bali linaweza kugeuza matokeo yote ya utafiti.

1. Nadharia ni nini?

Neno "nadharia" hutumiwa na wengi kwa maana ya maneno matupu yasiyo na vitendo. Katika utafiti maana yake ni nyingine. Nadharia ni kauli zilizoungana, zinazosema ni mambo gani yanayohusika katika jambo fulani, yanahusianaje, na kwa sababu gani.

Mwaka 2006 mtaalamu wa Australia, Shirley Gregor, alichapisha katika jarida la MIS Quarterly uchambuzi unaotumiwa hadi leo. Alizigawa nadharia za taaluma hii katika aina tano, kwa kuangalia lengo la kila moja. Aina ya kwanza huchambua na kueleza kilichopo, bila kutafuta sababu. Ya pili hufafanua kwa nini na jinsi gani jambo hutokea. Ya tatu hutabiri litakalotokea, hata kama sababu yake haijulikani. Ya nne hufafanua na kutabiri kwa pamoja. Ya tano huelekeza namna ya kutengeneza kitu, nayo ndiyo nadharia ya usanifu.

Mgawanyo huu huonekana wazi ukitazamwa kwa mfano wa huduma ya kutuma pesa kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo mwaka 2012. Mtafiti anayepanga aina za wateja wa huduma hiyo yumo katika aina ya kwanza. Anayeeleza kwa nini mama muuza samaki humwamini wakala wa mtaani kwake kuliko benki yumo katika aina ya pili. Anayekadiria, kwa hesabu tu, idadi ya wateja wa mwaka ujao yumo katika aina ya tatu. Anayedai kwamba mtu akiona manufaa ya huduma ataitumia, akatoa sababu na kuipima kauli hiyo, yumo katika aina ya nne. Naye anayeweka kanuni za kutengeneza menyu ya simu inayofaa kwa mtu asiyesoma yumo katika aina ya tano. Wote watano wanafanya utafiti, lakini hawaulizi swali moja, wala kazi zao hazipimwi kwa mizani moja.

2. Nadharia zilizotoka kwa majirani

Informatiki ya biashara ni taaluma changa. Nadharia zake nyingi zilikopwa kwa majirani: saikolojia, sosiolojia na uchumi.

Kutoka kwa uchumi ilikuja nadharia ya gharama za mapatano, ambayo mzizi wake ni makala ya Ronald Coase ya mwaka 1937 kuhusu sababu za kuwako kwa kampuni. Mwaka 1987 Thomas Malone, Joanne Yates na Robert Benjamin waliitumia kueleza jinsi mashine za habari zinavyopunguza gharama za kutafutana na kupatana, hata shughuli nyingine zikahama kutoka ndani ya kampuni na kwenda sokoni. Kutoka kwa sosiolojia ulikuja uchunguzi wa kuenea kwa mambo mapya, uliokusanywa na Everett Rogers katika kitabu chake cha mwaka 1962.

Kutoka kwa saikolojia ya jamii ilikuja nadharia iliyotumiwa kupita zote. Martin Fishbein na Icek Ajzen walieleza, katika kitabu cha mwaka 1975, kwamba tendo la mtu hutanguliwa na nia, na nia hutokana na mtazamo wake pamoja na maoni ya wale anaowajali. Fred Davis aliichukua fikra hiyo katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986, akaipunguza na kuielekeza kwenye kompyuta. Makala yake mashuhuri ilitoka mwaka 1989. Davis alidai kwamba mambo mawili ndiyo huamua kama mtu ataikubali teknolojia: manufaa anayoyaona katika kazi yake, na wepesi anaouona katika kuitumia.

Ni vizuri kukumbuka dai hilo lilipimwa kwa nani. Davis alifanya chunguzi mbili zenye jumla ya watu 152 na programu nne. Watu 112 walikuwa wafanyakazi wa maabara ya kampuni ya IBM mjini Toronto, nchini Kanada. 40 walikuwa wanafunzi wa shahada ya juu ya biashara mjini Boston, Marekani. Kila jambo lilipimwa kwa kauli sita. Uhusiano kati ya manufaa na matumizi ulikuwa 0.63 katika uchunguzi wa kwanza na 0.85 katika wa pili, ilhali ule wa wepesi ulikuwa 0.45 na 0.59. Davis alihitimisha kwamba manufaa yana nguvu zaidi, na kwamba huenda wepesi hufanya kazi kwa kupitia manufaa: mtu hawezi kuvutwa na chombo chepesi kisichomsaidia kitu.

Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake watatu, Davis mwenyewe akiwamo, waliunganisha mifano minane iliyokuwa ikishindana. Mfano wao mpya ulitaja mambo manne: matarajio ya ufanisi, matarajio ya juhudi, msukumo wa watu wengine, na hali zinazowezesha. Mwaka 2012 Venkatesh, James Thong na Xin Xu waliupanua mfano huo ili uwafae wateja wa kawaida, si wafanyakazi wa ofisini tu. Wakaongeza burudani, mazoea na thamani ya bei. Uchunguzi wao ulifanywa Hong Kong kwa watumiaji 1,512 wa intaneti ya simu.

Nyongeza ya bei ina maana kubwa. Mfanyakazi wa maabara ya Toronto alipewa kompyuta na mwajiri wake. Hakulipa chochote kila alipobonyeza. Mteja wa simu hulipa mwenyewe. Nadharia ilipotoka ofisini na kuingia sokoni ilibidi ibadilike, kwa kuwa watu waliopimwa wamebadilika. Hapo pana fundisho la kwanza kwa mwanafunzi: kila nadharia ina mahali ilipozaliwa, na anayeihamisha hana budi kuuliza ni kipi kilichokuwa kweli kule ambacho huenda si kweli hapa.

3. Swali hutangulia, nadharia hufuata

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchagua nadharia kwa sababu inajulikana, kisha kutafuta swali la kuivalisha. Mwaka 2007 jarida la Chama cha Mifumo ya Habari lilitoa toleo lililouchunguza mfano wa Davis. Humo Izak Benbasat na Henri Barki walilalamika kwamba watafiti waliendelea kuthibitisha kwamba manufaa huvuta watu, bila kuuliza manufaa hayo yametengenezwa na nini. Kumwambia mwenye kampuni kwamba watu hupenda kitu chenye manufaa si kumfundisha jambo asilolijua.

Nadharia tofauti hufungua maswali tofauti kuhusu kitu kilekile. William Jack na Tavneet Suri, katika makala yao ya mwaka 2014 katika jarida la American Economic Review, hawakuuliza kwa nini Wakenya huitumia M-Pesa. Waliuliza matumizi hayo yanafanya nini katika maisha ya kaya. Wakachukua kutoka kwa uchumi nadharia ya kugawana hatari: jamaa na marafiki husaidiana mmoja wao anapopatwa na msiba, lakini msaada huzuiwa na gharama ya kuupeleka. Gharama ikishuka, msaada utafika. Utabiri huo ulikuwa wazi, nao ungeweza kushindwa. Data zao zilionyesha kwamba kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na pigo, matumizi yao ya nyumbani yalishuka kwa asilimia 7; kaya zilizoitumia hazikushuka. Nadharia hapa haikuwa pambo. Iliwaambia watafiti watazame wapi, wapime nini, na matokeo gani yangewakanusha.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuitumia nadharia afuate hatua nne. Aandike swali lake kwa sentensi moja. Achague nadharia inayojibu aina hiyo ya swali, na aseme kwa nini ameacha nyingine. Atoe katika nadharia hiyo kauli zinazoweza kuonekana za uongo endapo ni za uongo. Mwishoni airudie nadharia na kuiuliza: imesimama, imepungua, au inahitaji kuongezwa kitu? Hatua ya mwisho ndiyo husahauliwa zaidi, nayo ndiyo inayotofautisha utafiti na ripoti ya kazi.

4. Nadharia inapoingia katika Kiswahili

Achukuliwe sasa mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kujua kwa nini baadhi ya akina mama wa soko la mtaa wa Kenya hutumia pesa kwa simu na wengine hawatumii. Anachagua mfano wa mwaka 2012, kwani unahusu wateja. Hojaji yake iko kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa alichosomea. Akina mama husema Kiswahili. Inambidi atafsiri, na hapo matatizo manne humngoja.

Tatizo la kwanza ni neno "rahisi". Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili zilizokaa pamoja: lisilo gumu, na lisilo ghali. Kauli "Kutuma pesa kwa simu ni rahisi" ilikusudiwa kupima juhudi. Mama akiwa na simu mkononi na kumbukumbu ya ada aliyokatwa jana, anaweza kujibu "sikubali", akimaanisha kwamba ada ni kubwa. Mfano wa mwaka 2012 umetenga juhudi na bei kuwa mambo mawili, kila moja na nguvu yake. Neno moja la Kiswahili limeyarudisha katika chungu kimoja. Mwanafunzi ataandika kwamba huduma ni ngumu, na atashauri akina mama wapewe mafunzo. Lakini mama huyo anajua kubonyeza kuliko mwanafunzi mwenyewe. Haja yake ni ada ipunguzwe. Shauri limekosea njia, na hakuna hesabu ya takwimu itakayolifichua kosa hilo.

Tatizo la pili ni kitenzi "kutumia". Katika Kiswahili sanifu, kutumia kitu ni kukifanyia kazi. Kutumia pesa ni kuzimaliza kwa kununua. Kumtumia mtu pesa ni kumpelekea. Maana zote tatu hukutana katika huduma hii. Swali "Je, unatumia pesa kwa simu?" laweza kusikika kana kwamba mtu anaulizwa kama anamaliza fedha zake kwa kununua muda wa kuongea. Kiswahili cha Lubumbashi huongeza jambo jingine, maana huko "kutumika" ni kufanya kazi: mtu hutumika kiwandani au ofisini. Mtafiti akisema kwamba huduma "inatumika sana", anayesikiliza anaweza kuelewa kwamba inafanya kazi vizuri, kwamba mtandao haukatiki. Kile kilichokusudiwa kuwa kipimo cha matumizi kimekuwa kipimo cha uzima wa mitambo.

Tatizo la tatu ni "faida". Wengi hutafsiri dhana ya Davis ya manufaa kwa neno hilo. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, faida ni ile fedha inayobaki baada ya kuondoa mtaji. Akiulizwa kama simu inampa faida, atapiga hesabu ya mauzo, wala hatafikiria muda aliouokoa au hatari aliyoiepuka ya kubeba fedha usiku. Neno "msaada" au maelezo kamili ya jambo lenyewe, kama "hunipunguzia safari", hukaribia zaidi kile kinachotafutwa.

Tatizo la nne liko katika majibu yenyewe. Hojaji hizi humtaka mtu achague kati ya "sikubali kabisa" na "nakubali kabisa". Kukubali, katika mazungumzo ya heshima, ni pia kumpokea mgeni na kutomvunja uso. Kijana wa chuo kikuu anapomwendea mama sokoni na karatasi yake, "nakubali" nyingine ni za adabu tu.

Dawa inayotajwa katika vitabu ni kutafsiri na kurudisha: mtu mmoja hutafsiri kwenda Kiswahili, mwingine hurudisha katika lugha ya kwanza bila kuiona asili, kisha nakala mbili hulinganishwa. Richard Brislin aliieleza njia hiyo katika makala ya mwaka 1970. Ni njia njema, lakini kwa matatizo yaliyotajwa hapa haitoshi. Neno la Kiingereza lenye maana ya wepesi likitafsiriwa kuwa "rahisi", mtafsiri wa pili atalirudisha kuwa wepesi bila kusita. Nakala zitalingana kabisa, na maana ya bei itabaki imejificha, kwa sababu maana ya ziada imo katika Kiswahili na si katika Kiingereza.

Inayofaa zaidi ni kuiongezea njia hiyo mazungumzo. Kabla ya kusambaza hojaji, mtafiti akae na watu wachache wa soko lenyewe, amsomee kila mmoja kauli, kisha amwombe aieleze kwa maneno yake na atoe mfano. Anayesikia "rahisi" akaanza kusimulia ada za kutoa pesa amekwisha kulionyesha kosa. Kauli zirekebishwe, kwa mfano: "Mtu hujifunza upesi kutuma pesa kwa simu", na mbali nayo: "Ada ya kutoa pesa ni ndogo ukilinganisha na msaada unaopata." Maneno ya mahali yatumike pale yanapoeleweka zaidi, katika Lubumbashi mtu husema "feza", na hojaji haina sababu ya kuliona haya neno hilo.

5. Je, wanaobuni mifumo wanahitaji nadharia?

Huenda mwanafunzi anayetengeneza programu akadhani kwamba haya hayamhusu. Suala hili limejadiliwa kwa ukali katika nchi za Kijerumani, ambako taaluma hii kwa desturi huthamini kutengeneza kuliko kupima mitazamo. Mwaka 2010 maprofesa kumi walitoa waraka wa kutetea utafiti wa usanifu, na wenzao 111 wakauunga mkono. Walihofia kwamba majarida makubwa yanawapendelea wanaopima tabia na kuwasahau wanaobuni. Waraka huo haukusema, hata hivyo, kwamba kila anayeandika programu amefanya utafiti. Ulidai kazi iwe na jambo jipya, iwe na hoja zinazoweza kufuatwa, ifae zaidi ya mahali pamoja, na iwe na manufaa kwa wahusika.

Miaka sita kabla yake, Alan Hevner na wenzake watatu walikuwa wameweka miongozo saba ya utafiti wa namna hiyo. Mmoja kati yake ni tathmini: chombo kilichobuniwa lazima kionyeshwe kuwa kinafaa, kwa njia iliyo wazi. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, kwa sababu programu ikishafunguka kwenye skrini huhesabiwa kuwa imefaulu.

Richard Heeks, katika makala ya mwaka 2002, alieleza kwa nini mifumo mingi huanguka katika nchi zinazoendelea. Kila mfumo hubeba ndani yake picha ya ofisi ambayo mbunifu aliiwazia: habari zake, mashine zake, utaratibu wa kazi, malengo ya watu, ujuzi wao, uongozi, muda na fedha. Kadiri picha hiyo inavyokuwa mbali na ofisi halisi, ndivyo hatari ya kuanguka inavyokua. Programu ya ghala inayodhani kwamba umeme haukatiki, kwamba bei zote ni za sarafu moja, na kwamba anayeingiza hesabu anasoma Kifaransa, imekwisha kujitenga na maduka mengi ya Kongo, ambako dola na faranga hupokelewa pamoja. Nadharia ya Heeks humpa mbunifu orodha ya kukagua kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.

6. Hitimisho

Nadharia katika informatiki ya biashara ni chombo cha kazi. Humwonyesha mtafiti pa kutazama, humlazimisha kusema ni matokeo gani yangemkanusha, na humwezesha kuunganisha soko la Lubumbashi na maabara ya Toronto bila kudhani kwamba ni mahali pamoja. Kusoma nadharia bila kuitumia ni kukariri. Kuitumia bila kujua ilikozaliwa ni kupotea.

Kwa wataalamu wa Kiswahili hapa pana kazi ya wazi. Hojaji za Kiswahili hutungwa kila mwaka na wanafunzi wa uchumi na informatiki, mara nyingi usiku mmoja kabla ya kwenda sokoni. Idara za lugha na idara za informatiki zikikaa meza moja, zikachagua dhana kumi au kumi na tano zinazotumiwa zaidi, zikazitafsiri, zikazijaribu kwa wasemaji wa Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani, na kuziandika pamoja na maana zake za kando, wanafunzi wa miaka mingi watafaidika. Mama wa sokoni naye atakuwa amejibu swali aliloulizwa kweli, na shauri litakaloandikwa kwa jina lake litakuwa lile alilolitoa.